Mawe ya Wittenberg: Urithi Wetu na Deni Lake

Utangulizi

Kila mwaka ifikapo tarehe 31 Oktoba, sharika zetu huadhimisha Siku ya Matengenezo ya Kanisa. Wimbo wa Luther huimbwa, hoja 95 hutajwa, na mji wa Wittenberg hutamkwa mimbarani kana kwamba ni kijiji cha jirani. Wengi wetu tumelisikia jina la mji huo tangu mafundisho ya kipaimara, ingawa ni wachache waliowahi kuukanyaga. Kwa sababu hiyo picha tuliyo nayo ni ya mtawa mmoja, nyundo moja na mlango mmoja.

Katika makala hii tunakusudia kumtembeza msomaji katika mji wenyewe, kama tulivyoutembea sisi, kwa miguu na bila kiongozi, ramani mkononi. Wittenberg uko kando ya mto Elbe, kusini-magharibi ya Berlin, katika jimbo la Saxony-Anhalt nchini Ujerumani. Mji wa kale ni mdogo. Kutoka nyumba ya Luther upande wa mashariki hadi Kanisa la Ngome upande wa magharibi ni kama kilometa moja tu, na mtu mwenye miguu mizima aweza kuimaliza njia hiyo kwa robo saa. Sisi tulitumia siku nzima, maana karibu kila nyumba ina jambo la kusimulia, na yako mambo ambayo hayasimuliwi kwa haraka.

Kabla hatujaanza safari yafaa tuseme tunatafuta nini. Katika desturi za watu wetu wengi, siku ya kumaliza matanga jamaa hukusanyika, na msemaji wa ukoo huuliza mbele ya watu wote: ni nani anayemdai marehemu, na marehemu alimdai nani? Ndipo urithi hugawanywa. Hakuna mrithi wa heshima achukuaye shamba na kulikataa deni. Sisi Walutheri wa Afrika tumeitwa warithi wa Wittenberg, nasi tumelipokea jina hilo kwa furaha. Basi, tutembee katika mji huo kama warithi walioketi katika kikao cha matanga, tukihesabu mali na tukihesabu deni pia.

1. Mwaloni na nyumba ya watawa

Tulianza upande wa mashariki, nje ya mahali palipokuwa lango la Elster. Hapo upo mwaloni unaoitwa Mwaloni wa Luther. Tarehe 10 Desemba 1520, mahali hapo, Luther aliitupa motoni hati ya Papa iliyomtishia kutengwa na Kanisa, pamoja na vitabu vya sheria za Kanisa. Mti ulioko leo si wa siku zile. Ulipandwa mwaka 1830. Jambo hilo dogo lilitufundisha namna ya kuutazama mji huu. Vitu vingi vinavyoonyeshwa kama vya Luther viliwekwa na watu wa baadaye, nao walichagua wenyewe mambo ya kukumbukwa na namna ya kuyakumbuka.

Hatua chache kutoka hapo ni nyumba ya Luther. Ilianza kujengwa mwaka 1504 kama makao ya watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Luther aliishi humo akiwa mtawa, na baada ya shirika kutawanyika akaendelea kuishi humo akiwa mume na baba. Alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, tarehe 13 Juni 1525. Na mwaka 1532 Mtawala wa Saxony aliwapa nyumba hiyo kuwa mali yao. Mlangoni pana kazi ya mawe iliyochongwa ya mwaka 1540, ambayo Katharina aliagiza kwa ajili ya mumewe. Msomaji asidhani kwamba Katharina alikuwa mwenyeji wa jikoni tu. Aliendesha mashamba, mifugo na kiwanda cha pombe ya nyumbani, akalisha wanafunzi, wageni, yatima na wakimbizi. Mazungumzo ya mezani ya Luther yasingekuwapo kama isingalikuwapo meza, na meza ilikuwa ya Katharina.

Mwaka 1883 nyumba ilifanywa makumbusho. Kati ya kumbukumbu zilizohifadhiwa humo lipo Sanduku la Jumuiya, nalo latupasa sisi watumishi tulitafakari. Mnamo Januari 1522 baraza la mji lilitoa utaratibu mpya: mapato ya misa za wafu na ya vyama vya ibada yakusanywe katika sanduku moja, nayo yatumike kuwasaidia maskini, kuwakopesha mafundi wasio na mtaji, na kusomesha watoto wa wasio na kitu. Hivyo katika mji huu mafundisho ya neema yaligeuzwa mapema kuwa utaratibu wa fedha. Sharika zetu, ambazo masanduku yake ni mengi na ya makusudi mengi, zingefaidika kuusoma utaratibu huo.

Katika ua wa nyumba hiyohiyo, tarehe 24 Septemba 1983, fundi wa chuma aliufua upanga mbele ya mkutano wa Wakristo mpaka ukawa jembe. Nchi ilikuwa bado chini ya serikali ya kikomunisti, na maneno ya nabii Isaya kuhusu panga na majembe yalikuwa yamepigwa marufuku kuvaliwa kama nembo. Mchungaji Friedrich Schorlemmer, aliyekuwa mmoja wa waandaaji, alijua hatari yake. Huu nao ni urithi.

2. Wageni wawili kutoka Afrika

Tukiifuata barabara kuu kuelekea magharibi, twaifikia nyumba ya Philipp Melanchthon, iliyojengwa mwaka 1536. Melanchthon alifika Wittenberg mwaka 1518 akiwa kijana wa miaka 21, kufundisha Kigiriki katika chuo kikuu ambacho Mtawala Mteuzi Frederick Mwenye Hekima alikianzisha mwaka 1502. Kalamu yake ndiyo iliyoandika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo makanisa yetu hulitaja katika katiba zake. Alifia katika nyumba hiyo tarehe 19 Aprili 1560.

Katika majira ya joto ya mwaka 1534 Melanchthon na Luther walipokea mgeni. Alikuwa shemasi wa Kanisa la Ethiopia, jina lake Mikaeli. Walizungumza naye kwa kirefu kuhusu imani, Utatu Mtakatifu, Chakula cha Bwana na taratibu za ibada. Tarehe 4 Julai 1534 Luther alimwandikia barua ya utambulisho, ambayo kwa maana yake inasema hivi: ibada za Kanisa la Mashariki zinatofautiana na za kwetu katika baadhi ya desturi, lakini tofauti hizo haziharibu umoja wa Kanisa wala hazipingani na imani, basi ndugu huyu na apokewe kwa upendo.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Tumezoea kusimulia kwamba Ulutheri ulikuja Afrika katika karne ya 19, ukiletwa na wamisionari, na Mwafrika ni mpokeaji. Lakini zaidi ya miaka 300 kabla ya hapo, Mwafrika aliketi na Luther kama mjumbe wa Kanisa lililo la kale kuliko Kanisa la Saxony. Luther alimsikiliza, akampima kwa Maandiko, akamkiri kuwa ndugu. Hakumtaka aache desturi za kwao ndipo aitwe Mkristo. Kama barua hiyo ingalisomwa na kila mmisionari kabla ya kupanda meli, huenda mengi yaliyoamuliwa baadaye kuhusu ngoma, mavazi na majina yetu yangaliamuliwa kwa namna nyingine.

Mbele kidogo, barabara hiyohiyo, ni majengo ya chuo kikuu cha zamani. Chuo hicho kiliunganishwa na cha Halle mwaka 1817, na tangu mwaka 1994 taasisi iitwayo Leucorea inaendeleza elimu mahali hapo. Hapa alifika mwaka 1730 Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika nchi iitwayo leo Ghana. Alichukuliwa Ulaya akiwa mtoto, akatolewa kama zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel, akabatizwa mwaka 1708. Alisoma sheria Halle; mwaka 1729 alitetea hadharani hoja kuhusu haki za Waafrika walioko Ulaya, ingawa maandishi yake yamepotea. Wittenberg ilimpa shahada ya uzamili ya falsafa mwaka 1730, na mwaka 1734 alitetea hapa tasnifu yake kuhusu nafsi na hisi za mwili. Mkuu wa chuo alipomsifu alikumbusha kwamba Afrika ndiyo iliyowazaa Tertuliano, Kipriano na Augustino. Amo alifundisha Halle na Jena pia, na mwishowe, karibu mwaka 1747, alirudi kwao Axim.

Hizi ni mali ambazo warithi wengi hawakuambiwa kwamba zimo katika nyumba. Tunazitaja kwa furaha, na pia kwa sababu zinalifanya jambo linalofuata kuwa zito zaidi.

3. Kanisa la Mji na jiwe lake

Kutoka chuoni tulikwenda Kanisa la Mji, Kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo minara yake miwili huonekana kutoka mbali. Hili ndilo kanisa la usharika ambamo Luther alihubiri mara nyingi. Johannes Bugenhagen, mchungaji wa hapa tangu mwaka 1523, ndiye aliyemwozesha Luther, akamwungamisha, na baadaye akahubiri katika maziko yake. Tangu mwaka 1535, kwa agizo la Mtawala, wachungaji wa Kanisa la matengenezo walianza kubarikiwa Wittenberg kwa kuwekewa mikono, na wengi walibarikiwa katika kanisa hili. Kila mmoja wetu aliyepiga magoti mbele ya askofu anayo sehemu katika historia ya sakafu hiyo.

Juu ya madhabahu ziko picha zilizochorwa na Lucas Cranach na mwanawe, zilizowekwa mwaka 1547. Katikati ni Karamu ya Bwana. Upande mmoja Melanchthon anabatiza mtoto, ingawa yeye hakuwa mchungaji. Upande wa pili Bugenhagen ameshika funguo za maungamo. Chini ya zote Luther yuko mimbarani, mkono mmoja juu ya Biblia, mwingine ukimwonyesha Kristo msalabani. Kati ya mhubiri na wasikilizaji hakuna kitu ila Msulubiwa. Mwanafunzi wa homiletiki aweza kuitazama picha hiyo kwa saa nzima akajifunza.

Lakini mtu akitoka nje na kulizunguka jengo hadi pembe ya kusini-mashariki, akainua macho, ataona jambo jingine. Ukutani, juu, kuna sanamu ya jiwe ya karibu mwaka 1300. Inaonyesha nguruwe jike, na Wayahudi wakinyonya maziwa yake, na rabi akiinua mkia wake na kutazama. Kwa Myahudi nguruwe ni najisi. Sanamu hii ilichongwa ili kumtukana yeye na imani yake. Mwaka 1570, zaidi ya miaka 20 baada ya Luther kufa, maandishi yaliongezwa juu yake yakilidhihaki Jina takatifu la Mungu kama Wayahudi walivyoliheshimu. Maneno hayo yalitokana na kitabu cha Luther mwenyewe cha mwaka 1543, ambamo aliitaja sanamu hii na kuifafanua kwa kejeli.

Ni vema tuseme waziwazi. Mwaka 1523 Luther aliandika kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi, akawasihi Wakristo wawatendee Wayahudi kwa wema. Mwaka 1543, katika kitabu chake kuhusu Wayahudi, aliwashauri watawala kuchoma masinagogi, kubomoa nyumba zao, kuwanyang'anya vitabu vyao vya sala na kuwakataza marabi kufundisha. Aliyeyaandika hayo ndiye yuleyule aliyempokea Mikaeli miaka tisa kabla. Na maneno yake hayakuzikwa naye. Baada ya usiku wa Novemba 1938, masinagogi ya Ujerumani yalipochomwa, Askofu Martin Sasse wa Thuringia alitoa kijitabu cha maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi, akifurahia kwamba masinagogi yaliungua siku ya kuzaliwa kwake Luther. Wayahudi milioni sita waliuawa katika miaka iliyofuata.

Hatuwezi kusema kwamba Luther ndiye aliyewaua. Yalikuwapo mafundisho ya ubaguzi wa damu ambayo yeye hakuyajua. Lakini hatuwezi pia kusema kwamba yeye hahusiki. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mnamo Novemba 1988, miaka 50 baada ya usiku ule, usharika wa Kanisa la Mji uliweka ardhini, chini ya sanamu hiyo, ukumbusho wa shaba. Ni mabamba yaliyolazwa kama ya kufunika kitu, na katikati yake, katika nyufa zenye umbo la msalaba, kile kilichofunikwa kinabubujika na kutokea juu. Pembeni yake kuna maandishi yanayokiri kwamba Jina la Mungu lililotukanwa hapo lilikufa katika Wayahudi milioni sita, chini ya ishara ya msalaba. Na kwa Kiebrania pameandikwa mwanzo wa Zaburi ya 130. Tuliinama tukausoma. Juu jiwe linatukana, chini shaba inatubu.

Je, yatosha? Swali hilo lilifika mahakamani. Mzee mmoja Myahudi alidai sanamu iondolewe kwa kuwa inamtukana yeye na watu wake. Tarehe 14 Juni 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba usharika haulazimiki kuiondoa, kwa kuwa kwa ukumbusho ule na ubao wa maelezo usharika umejitenga na tusi hilo. Mwezi uliofuata kamati ya wataalamu ilishauri iondolewe ukutani na kuonyeshwa karibu na hapo pamoja na maelezo. Mnamo Oktoba 2022 halmashauri ya usharika iliamua ibaki mahali pake.

Watetezi wa kubaki wanayo hoja ya kitheolojia, na imetoka katika mimbara ya kanisa hilohilo. Mwaka 1522 watu wa Wittenberg walianza kuvunja sanamu kwa fujo. Luther alitoka mafichoni Wartburg, na kuanzia tarehe 9 Machi alihubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba Neno lisilazimishwe kwa nguvu, na kwamba sanamu ziondoke kwanza mioyoni, maana mkono ukitangulia moyo hubaki vilevile. Hivyo, wasema, tukiishusha nguruwe ukutani tutadhani tumekwisha kutubu.

Hoja hiyo ina uzito, lakini hatudhani inatosha. Katika mahubiri hayohayo Luther alisisitiza kwamba imani bila upendo si kitu, na kwamba katika mambo ya hiari Mkristo amtazame jirani aliye dhaifu asije akajikwaa. Sanamu za mwaka 1522 ziliwapotosha waliozisujudu. Jiwe hili lamjeruhi jirani anayepita njia. Ukuta wa kanisa huhubiri hata milango ikiwa imefungwa, na apitaye juani bila kuinama chini husikia mahubiri ya jiwe peke yake. Kwa maoni yetu, ushauri wa wataalamu ulikuwa bora: lishushwe, lihifadhiwe, lielezwe, wala lisifichwe. Hata hivyo hatuandiki haya kama mahakimu wa usharika wa Wittenberg, ambao umelijadili deni lake hadharani kuliko wengi wetu tulivyolijadili la kwetu.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mwaka 1984 Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Budapest, ulipokea tamko lililoyakataa maneno hayo ya Luther dhidi ya Wayahudi. Tamko hilo latuhusu. Swali ni kama tunalifundisha.

4. Sokoni

Karibu na kanisa hilo ni uwanja wa soko, mbele ya jumba la baraza la mji lililojengwa kuanzia mwaka 1523. Hapo husimama sanamu za Luther, ya mwaka 1821, na Melanchthon, ya mwaka 1865. Pembeni ziko nyua za Lucas Cranach, mchoraji wa Mtawala, mwenye duka la dawa, na kwa miaka kadhaa meya. Yeye na mwenzake Christian Döring waligharimia uchapishaji wa Agano Jipya la Kijerumani lililotoka Septemba 1522. Lilinunuliwa upesi hata toleo la pili likatoka Desemba ya mwaka uleule. Biblia nzima ilifuata mwaka 1534.

Uamuzi wa kumpa mtu wa sokoni Maandiko katika lugha ya sokoni ulifika hata kwetu. Biblia ya Kiswahili ya Karl Roehl, iliyotoka mwaka 1937 kwa msaada wa Waafrika waliofanya kazi pamoja naye, ilifuata nia ileile: itafutwe lugha ambayo Mbantu wa bara aielewe anaposikia ikisomwa. Mali hii hatuna haja ya kuitetea. Kila Jumapili tunaitumia.

5. Kanisa la Ngome

Mwisho wa barabara ni Kanisa la Ngome, lenye mnara wa meta 88, ambao juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa mwanzo wa wimbo wa Luther. Frederick Mwenye Hekima alikuwa amekusanya humo masalio ya watakatifu. Kufikia mwaka 1520 yalihesabiwa kuwa karibu 19,000, na aliyeyaheshimu kwa utaratibu uliowekwa aliahidiwa kupunguziwa miaka mingi ya toharani. Hoja 95 dhidi ya biashara ya hati za msamaha ziliandikwa jirani kabisa na biashara ya namna hiyo.

Wageni wote hutaka kuuona mlango. Mlango wa mbao wa siku za Luther uliungua mwaka 1760 katika Vita ya Miaka Saba. Ulioko ni wa shaba, uliowekwa mwaka 1858, na hoja 95 zimeandikwa juu yake kwa Kilatini. Je, Luther alizigongomea hoja hizo kwa nyundo? Mwaka 1961 mwanahistoria Mkatoliki Erwin Iserloh alitilia shaka, kwa kuwa Luther mwenyewe hakulisimulia jambo hilo, na Melanchthon aliyelisimulia baada ya Luther kufa hakuwapo Wittenberg mwaka 1517. Mwaka 2006 maandishi mafupi ya Georg Rörer, mwandishi wa Luther, yalitiliwa maanani tena. Yanasema hoja zilibandikwa katika milango ya makanisa ya mji. Wataalamu bado hawajakubaliana. Lililo hakika ni kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimpelekea hoja zake Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz pamoja na barua. Imani yetu haikutundikwa kwenye msumari, wala mhubiri hahitaji nyundo ili aihubiri neema.

Ndani, chini ya mimbara, ni kaburi la Luther. Alikufa Eisleben tarehe 18 Februari 1546, akazikwa hapa tarehe 22. Upande wa pili ni kaburi la Melanchthon. Tulisimama pale kimya. Baada ya kuliona jiwe lile, mtu hawezi kusimama kaburini kama mtalii, wala kama hakimu. Twaijua theolojia ya huyu aliyelala hapa: kwamba Mkristo ni mwenye haki na wakati uleule mwenye dhambi. Tumezoea kulitumia fundisho hilo kwa ajili yetu. Hapa latupasa tulitumie kwa ajili yake.

6. Kutoka Wittenberg hadi Akeri

Kanisa hili kama lionekanavyo sasa ni matokeo ya ukarabati mkubwa uliozinduliwa tarehe 31 Oktoba 1892 na Kaisari Wilhelm wa Pili, pamoja na wakuu wa kifalme wa nchi za Kiprotestanti. Kwa msomaji wetu tarehe hiyo ina maana ya pekee. Kaisari huyohuyo ndiye aliyekuwa mtawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka uliofuata, 1893, wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro. Injili iliyofunguliwa Wittenberg ilitufikia katika msafara mmoja na bendera.

Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Mlima Meru, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi, na ni haki. Lakini baada ya kifo chao Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani alileta askari na wapiganaji wengi kulipiza kisasi. Wameru na Waarusha waliuawa kwa mamia, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa. Mwaka 1902 wamisionari walirudi na kuanzisha kituo cha Nkoaranga, na Injili ikashika mizizi katika nchi iliyokuwa imeungua.

Mashahidi wawili tunawajua kwa majina. Wale waliouawa kwa kisasi, ambao hawakuhukumiwa wala kusikilizwa, twawataja wapi? Katika liturgia ipi? Katika somo lipi la historia ya Kanisa? Wajukuu wao ni waumini wetu, wazee wetu wa usharika na wachungaji wetu. Usharika wa Wittenberg uliweka bamba la shaba chini ya jiwe lake. Sisi bado tunayo makaburi mawili bila bamba la tatu.

Hitimisho

Nje ya mji wa kale iko Bustani ya Luther, iliyoanza kupandwa mwaka 2009 kwa ajili ya jubilei ya mwaka 2017. Makanisa ya dunia nzima yalialikwa kupanda mti mmoja kati ya miti 500 hapo, na mwingine kwao. Tulimaliza matembezi yetu chini ya miti hiyo, na jioni ilikuwa imekaribia.

Tunapendekeza mambo mawili kwa vyuo vyetu na dayosisi zetu. Kwanza, katika somo la historia ya Matengenezo, barua ya Luther kwa ajili ya Shemasi Mikaeli na vitabu vyake vya mwaka 1543 vifundishwe katika juma moja, ili mwanafunzi asitoke na nusu ya mtu. Pili, wazee wa Meru waulizwe, wangali wako, habari walizopokea kwa baba zao kuhusu mwaka 1896. Majina yakipatikana, yasomwe kanisani Siku ya Matengenezo pamoja na majina ya Ovir na Segebrock.

Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa huanza kwa kukiri kwamba tunadaiwa. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 ilihusu toba: kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Hilo lilisemwa Wittenberg kwanza, na Wittenberg wenyewe bado wanajifunza. Nasi tujifunze, tukianzia Akeri.